Mbao Nyeusi, Nyumba Nyeupe: Mwongozo wa Kupaka Rangi Mbao za Ndani, Kismayu na Visiwani

Nyumba za mawe za pwani yetu, kuanzia Kismayu hadi visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, na hadi Kiamboni, zina kuta nene na madirisha madogo. Nje jua ni kali, lakini ukivuka kizingiti yakupasa usimame kidogo macho yazoee kiza. Chokaa nyeupe ya ukutani husaidia. Lakini ikiwa milango, miimo, madirisha, kabati na boriti za dari zimekolea weusi wa vanishi ya zamani, mwanga mdogo unaoingia humezwa papo hapo. Ndiyo maana wengi wanaorudi kukarabati nyumba zao, zikiwemo zilizofungwa tangu vita vya 1991, hutaka kwanza kabisa mbao hizo zipakwe rangi nyeupe au ya maziwa.

Kazi yenyewe si ngumu, ila huharibika kwa urahisi. Mtu hununua kopo la rangi, hulifungua siku hiyo hiyo na kuanza kupaka juu ya vanishi. Siku ya kwanza mlango unang'aa. Baada ya miezi michache rangi imeanza kubanduka kuzunguka kitasa, na madoa ya kahawia yamechomoza katikati ya weupe. Anapaka mpako wa tatu, madoa yanarudi. Anamlaumu mwenye duka. Rangi haina kosa. Ubao mweusi una kitu ndani yake kinachotaka kutoka, na kazi yako kubwa ni kukijua kitu hicho na kukifungia ndani kabla hujagusa kopo la rangi. Kupaka kwenyewe ni kazi ya siku mbili. Matayarisho yanaweza kuchukua wiki nzima, na wiki hiyo haina mkato.

Jua ubao umepakwa nini

Chagua pahali pasipoonekana, kama vile nyuma ya mlango karibu na bawaba ya chini. Chovya pamba katika spiriti, uibandike hapo dakika mbili tatu. Weusi ukilainika na kunata kidoleni, hiyo ni shelaki. Spiriti isipofanya kitu, jaribu thina. Kinacholainika kwa thina ni laka, na utaikuta zaidi kwenye vitanda na makabati yaliyoletwa tayari kutoka ng'ambo. Kisichosikia spiriti wala thina ni vanishi ya mafuta au poliurethani, nayo ndiyo ngumu kuliko zote. Hizi tatu zote zinaweza kupakwa rangi juu yake bila kukwanguliwa hadi kwenye ubao, mradi zimeshika vizuri. Kwangua kwa ukucha: kama vanishi inatoka vipande vipande, basi rangi yako nayo itatoka pamoja nayo, na hapo huna budi kuiondoa.

Halafu dondosha tone la maji. Likisimama juu bila kusambaa, ubao umezibwa au una nta. Likinywewa na kuacha doa jeusi, vanishi imekwisha na ubao uko wazi.

Kwetu sisi watu wa bahari, la kuangaliwa zaidi ni mafuta. Ubao wa mashua iliyovunjwa hautupwi. Hugeuzwa rafu, benchi, mlango wa stoo, hata kizingiti. Ubao huo umenyweshwa sifa, mafuta ya papa, mwaka baada ya mwaka, na uliokuwa chini ya maji umepakwa shahamu na chokaa pia. Kwa macho unaweza kudhani ni vanishi nyeusi tu. Utoe juani adhuhuri, uache upate joto, kisha unuse. Sifa haijifichi. Rangi yoyote utakayoipaka juu ya ubao huo bila kuyatoa mafuta itateleza wakati unaipaka na kubanduka ikikauka.

Kuna pia oili chafu ya injini, inayopakwa boriti na fremu ili kuzuia mchwa, na kuna lami. Hizi ni mbaya kuliko sifa. Rangi ya mafuta ikiwekwa juu ya oili ya injini haikauki sawasawa; inabaki ikinata, inachafua nguo, na weusi unapanda juu. Lami nayo huyeyuka kwa thina iliyomo ndani ya rangi na kutoka upande wa pili ikiwa doa la kahawia.

Mwisho, ubao wenyewe. Magome ya mkoko yaliuzwa zamani kutoka pwani hii kwa ajili ya kutengeneza ngozi, kwa sababu yamejaa tanini, ile rangi nyekundu inayoonekana ukilowesha gome kwenye ndoo. Tanini iko katika mbao nyingi nyeusi, na huyeyuka kwa maji. Mkangazi hutoa wekundu, mbambakofi hutoa unjano, na msaji una mafuta yake ya asili. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya mbao hizi, maji ya rangi ndiyo yanayoivuta tanini na kuileta juu. Kujaribu ni rahisi: lowesha kitambaa cheupe, ukibandike kwenye sehemu iliyokwanguliwa kwa saa moja. Kikitoka na rangi, umeonyeshwa kitakachotokea kwenye rangi yako.

Kisichofaa kupakwa

Kabla ya kuendelea, zunguka nyumba nzima uamue nini kiachwe. Mlango wa nakshi uachwe, pamoja na mfaa wake na miimo yake. Mipako miwili ya rangi ya mafuta inatosha kuzika mikato midogo iliyomchukua fundi miezi, na kuitoa rangi hiyo baadaye kutoka kila kijishimo ni kazi ambayo mara nyingi huharibu nakshi yenyewe. Mji Mkongwe wa Lamu ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, milango ya mbao iliyochongwa ilitajwa miongoni mwa sifa zake. Mlango wa namna hiyo ulioko Kismayu au kisiwani una thamani ile ile, hata kama hakuna aliyewahi kuuandika popote. Sisi tumepoteza mingi mno kwa vita, kwa moto na kwa kuuzwa, na uliobaki usiufiche chini ya rangi ya dukani.

Ukitaka mlango huo upendeze, uoshe kwa maji matamu na sabuni kidogo, uukaushe, kisha upake mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nusu kwa nusu na tapentaini, na baada ya robo saa ufute yote ambayo ubao haukuyanywa. Vitambaa ulivyotumia usivikunje na kuvitupa pembeni. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Penye paa la makuti hilo si jambo la kubahatisha. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vigumu, au vitie ndani ya ndoo ya maji.

Kabati za kisasa za ubao wa unga uliobandikwa karatasi yenye picha ya mbao zinaweza kupakwa, ila usizisugue kwa nguvu. Karatasi ikitoboka, ubao wa ndani hunywa maji na kuvimba, na hauna dawa.

Msimu na saa

Msimu mzuri ni kaskazi, kuanzia mwisho wa Desemba hadi Machi, hewa ikiwa kavu. Masika usijaribu. Kusi likichacha, Juni hadi Agosti, upepo hubeba mchanga na chumvi hadi chumbani, na kila chembe itakwama kwenye rangi mbichi. Septemba kuna nafasi nyingine, fupi.

Katika siku yenyewe, anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, na uweke brashi chini kufika saa tisa. Hewa ya bahari hurudisha unyevu jioni, na rangi ya mafuta inayopata unyevu kabla ya kushika huwa na ukungu na kupoteza mng'aro. Wala usipake ubao ulio juani: rangi hukauka juu kabla ya chini na kutoa malengelenge. Hamisha mlango kivulini.

Vumbi la rangi za zamani

Hapa nataka usome polepole, hasa kama una watoto nyumbani. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka na zing'ae. Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi ziliendelea kuuzwa muda mrefu baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Kwa mtoto huathiri ubongo, na athari hiyo haiondoki. Kiwango cha juu cha risasi katika rangi kinachopendekezwa kuwekwa na sheria ni sehemu 90 tu katika milioni.

Ikiwa nyumba yako Kismayu ni ya enzi za Waitaliano, waliokabidhiwa eneo hili la Jubaland na Uingereza mwaka 1925, au ikiwa chini ya vanishi unaona tabaka la kijani, jekundu au jeupe la zamani, chukulia kwamba lina risasi. Usilisugue kavu. Tumia msasa wa maji: lowesha, sugua, futa kwa kitambaa kibichi, suuza kitambaa kwenye ndoo. Usichome rangi kwa moto wa gesi kamwe, kwa sababu ya mvuke wake na kwa sababu ya paa lako. Vaa barakoa nzuri. Watoto na mama mjamzito wakae nyumba nyingine mpaka sakafu ipigwe deki. Yale maji machafu usiyamwage karibu na kisima; na visiwani, ambako kisima kimoja hunywesha mtaa mzima, hilo ni jukumu lako kwa majirani.

Kuosha na kusugua

Ng'oa kwanza vitasa, makomeo na ndoano. Bawaba ukiweza kuzitoa, zitoe, na mlango uulaze juu ya meza mbili. Mlango uliolazwa hauchurizi rangi.

Chomachoma ubao kwa ncha ya kisu, hasa chini ya miimo na pale fremu inapogusa ukuta. Kisu kikizama bila taabu, mchwa au unyevu umeshakula ndani. Hapo kata kipande kibovu, uunge kizima. Rangi haishikilii ubao uliobunguliwa.

Kisha osha. Kwa mbao za kawaida, sabuni ya unga na maji ya vuguvugu vinatosha. Kwa mbao za jikoni zenye masizi na mafuta ya kukaangia, tumia magadi: vijiko viwili vikubwa katika ndoo ndogo ya maji ya moto, ukivaa glavu, kisha suuza mara mbili. Magadi yatauzidisha ubao weusi kidogo, usishtuke, maana utafunikwa. Maji ya kusuuza mara ya mwisho yawe matamu, ya mvua au ya kununua. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi chumvi, na chumvi ikibaki juu ya ubao huvuta unyevu chini ya rangi na kuiinua. Jaribu kwa ulimi ukipenda: kidole kilichopitishwa juu ya ubao uliokauka kisiwe na ladha ya chumvi. Acha ukauke siku mbili kamili.

Ubao wa mashua wenye sifa unahitaji zaidi. Utoe nje, mbali na moto. Changanya unga wa chaki na thina mpaka upate uji mzito, ubandike juu ya ubao, funika kwa nailoni hadi asubuhi, kisha ukwangue. Chaki itakuwa imevuta mafuta na kubadilika rangi. Rudia mpaka itoke nyeupe. Msaji ufutwe kwa thina muda mfupi tu kabla ya kupakwa praima, kwa sababu mafuta yake hupanda tena juu baada ya saa chache. Boriti iliyolowa oili ya injini miaka na miaka, ushauri wangu ni mmoja: usipoteze pesa. Ibadilishe, au ipigilie ubao mwembamba chini yake na upake huo.

Chokaa iliyorukia mbao wakati wa kupaka ukuta ikwanguliwe yote. Chokaa mbichi hugeuza rangi ya mafuta kuwa kitu cha kusabunika, na ndiyo maana ukingo wa fremu unaogusana na ukuta huwa wa kwanza kubanduka. Kama ukuta umepigwa lipu mpya, subiri ukauke kabisa ndipo ugeukie fremu.

Misumari yenye kutu isuguliwe hadi ing'ae, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo mashimo yazibwe kwa puti. Chuma kikikutana na tanini hutoa weusi wa wino, na weusi huo hupenya rangi nyeupe. Misumari mipya iwe ya shaba nyeupe au iliyozamishwa katika zinki.

Sasa msasa. Hukusudii kuutoa weusi wote. Unakusudia kuua mng'aro ili praima ipate pa kushika. Msasa namba 120 kwa kuanzia, 180 kwa kumalizia, ukifuata uzi wa ubao. Ukiinamisha mlango kwenye mwanga usione pahali panapong'aa, umemaliza. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi kidogo. Ukimwajiri fundi, hii ndiyo hatua atakayoharakisha kuliko zote, kwa hiyo mwambie kwa heshima na mapema: "Fundi, ukimaliza msasa niite nione, kisha tuendelee." Na umlipe kwa hatua, si kwa mlango.

Kuufunga weusi ndani

Praima si rangi ya bei nafuu ya kutangulia. Ni kifungo. Inayofunga tanini, vifundo, masizi na harufu kuliko zote ni ya shelaki. Ukiipata tayari ndani ya kopo, vyema. Usipoipata, tafuta shelaki ya vipande, uyeyushe gramu 250 katika lita moja ya spiriti ndani ya chombo cha gilasi au plastiki, usiku kucha, ukoroge kila ukipita, kisha uchuje. Usitumie kopo la chuma, litaitia weusi. Paka mipako miwili myembamba. Kila mmoja hukauka kwa muda usiofika saa moja. Paka saa za ukavu tu, maana shelaki ikishikwa na unyevu hugeuka nyeupe na kupoteza nguvu. Fungua madirisha, zima jiko na taa za moto mpaka harufu iishe.

Chaguo la pili ni praima ya mafuta ya kuzuia madoa. La tatu, ambalo wengi wanalisahau, ni praima ya aluminiamu, ile yenye rangi ya fedha. Vijibati vyake vidogo hulaliana kama magamba ya samaki na kuziba njia, ndiyo maana hufaa kwa mbao zenye mafuta, zenye utomvu na zilizowahi kupakwa lami. Inahitaji siku nzima kukauka. Kwa mbao za mashua, baada ya kuzivuta mafuta, mimi naipendelea kuliko shelaki.

Praima ya maji iache kwa mbao zisizo na rangi ndani yake. Kwa mkangazi na mkoko haikufai.

Kabla ya kupaka nyumba nzima, maliza pahali padogo kwanza, mraba wa kiganja, praima na rangi. Uache siku tatu. Kata alama ya msalaba kwa wembe, bandika utepe wa gundi juu yake, ukandamize, uuvute kwa nguvu. Ukitoka mtupu, endelea. Ukitoka na rangi, rudi kwenye kuosha na msasa, na ushukuru kwamba ni kiganja tu.

Praima ikikauka, pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi. Yakichomoza madoa saa hii, ongeza praima hapo tu. Usidhani rangi itayafunika.

Rangi yenyewe

Madukani Kismayu utaiomba kwa jina la rinji, na utaulizwa ya mafuta au ya maji. Ya mafuta ni ngumu, huvumilia mikono na kuoshwa, lakini ina tabia moja ambayo wauzaji hawaisemi: nyeupe yake hugeuka manjano inapokaa gizani. Kadiri chumba kinavyokosa mwanga ndivyo inavyowahi, na vyumba vyetu vya ndani ndivyo vyenye kiza. Kwa hiyo chumbani usichague nyeupe kabisa. Chagua rangi ya maziwa, ambayo ikizidi unjano kidogo haitakutia huzuni, au kijani hafifu, au buluu ya bahari ya asubuhi. Ukitaka weupe utakaobaki mweupe, chukua enameli ya maji ya akriliki. Nayo inaweza kupakwa juu ya praima ya shelaki au ya mafuta bila shida, kwa sababu weusi umeshafungwa.

Mwambie mwenye duka akufungulie kopo. Makopo hukaa juani bandarini na stoo, na rangi iliyoganda chini isiyokorogeka haifai hata kwa bei ya bure. Tarehe ya kiwandani uisome.

Rangi ya chini ya mashua, ile ya kuzuia chaza na mwani, usiitie ndani ya nyumba hata kama imebaki kopo zima. Imetengenezwa kuua vinavyoigusa, mara nyingi kwa shaba. Aina iliyokuwa na bati la sumu ilionekana hatari kiasi kwamba mkataba wa kimataifa wa kuikomesha ulianza kutumika mwaka 2008, na makopo ya zamani bado yanaweza kuwako. Mlango unashikwa na watoto kutwa.

Kiasi: lita moja hufunika kama mita 10 za mraba kwa mpako mmoja juu ya ubao ulioshikwa na praima. Mlango wa mita 2 kwa sentimita 80, pande zote mbili pamoja na fremu, ni kama mita 4 za mraba. Kwa mipako miwili, kopo la lita 4 linatosha milango mitano. Nunua ya kutosha kwa mara moja, maana kopo la safari ijayo halitafanana sawasawa, na mashua ya kurudi kisiwani haikungoji.

Chuja rangi kwa kitambaa cha shashi. Chovya brashi theluthi tu ya nywele zake. Anza na sehemu zilizozama za mlango, kisha mbao za katikati, za ubavuni mwisho. Tandaza rangi, kisha malizia kwa ncha ya brashi, polepole, kufuata uzi wa ubao, na usirudi pale palipoanza kushika. Michirizi hutokana na kurudiarudia. Mipako miwili myembamba ni bora kuliko mmoja mzito, ambao hukunjamana. Kati ya mpako na mpako wa rangi ya mafuta ngoja saa 24, na hewa ikiwa nzito ngoja 36, kisha msasa mwepesi.

Boriti za dari, ukiamua kuzipaka, ondoa magome yote kwanza na uhakikishe paa halivuji. Usizibe miisho yake iliyoingia ukutani. Hapo ndipo hupumulia.

Baada ya kumaliza

Rangi iliyokauka kwa kidole bado haijakomaa. Inahitaji wiki mbili hadi tatu kuwa ngumu. Muda huo mlango uuache wazi, umetiwa kabari; ukifungwa utagandana na fremu na kubandua rangi siku utakapouvuta. Ukilazimika kuufunga usiku, paka nta ya mshumaa kwenye kingo zinazogusana. Chumba kisilalwe siku mbili za kwanza. Usizioshe mbao hizo kwa sabuni mpaka mwezi upite.

Rangi iliyobaki itie kwenye chupa ndogo ya gilasi iliyojaa hadi shingoni, hewa isibaki, na uandike juu yake jina la rangi, chumba na tarehe. Kila mwisho wa kusi, futa mbao zote kwa kitambaa na maji matamu ili kutoa chumvi, na pale palipochubuka karibu na kitasa paguse kwa rangi ile ile kabla unyevu haujaingia. Mchubuko wa ukubwa wa ukucha ukiachwa msimu mmoja, msimu ujao utakuwa ni mlango mzima wa kusugua.